Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Neno “Ndiyo” katika Lugha za Ulaya

Oui, sì, ja, da, yes, tak, nai, igen, bai. Yote ni “ndiyo”, na yote ni mafupi kiasi kwamba wanafunzi huyakariri siku ya kwanza na hawayarudii tena. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili: anayejifunza Kifaransa, aliyehamia Ujerumani au Uswidi, au yule tu asiyeweza kupita neno bila kulichokonoa.

Je, kila lugha ya Ulaya ina neno lake la “ndiyo”?

Hapana. Kiayalandi hakina mpaka leo. Kifini kinalo, ila wenyeji mara nyingi hulipita pembeni. Kilatini nacho, mama wa Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kireno na Kiromania, hakikuwa na neno moja la kazi hiyo. Mabinti zake walipoondoka nyumbani, kila mmoja ilimbidi ajitafutie lake, na ndiyo maana leo hawafanani: huyu anasema oui, yule sí, mwingine da.

Kama Warumi hawakuwa nalo, walikubalije jambo?

Walirudia kitenzi. Ukiuliza “Venitne?”, yaani “Amekuja?”, unajibiwa “Venit”, “Amekuja”. Mswahili haoni ajabu hapo. Sisi tukiulizwa “Umekula?” tunajibu “Nimekula”, anayejibu “Ndiyo” peke yake anasikika kama yuko kizimbani. Warumi waliweza pia kujibu kwa ita au sic, ambayo yote ni “hivyo”, au kwa certe, “hakika”. Kukataa walikuwa na non, na minime, “hata kidogo”.

Swali lenyewe lilikuwa na adabu zake. Kiambishi -ne kilikuwa cha mtu anayeuliza kwa kutojua. Nonne ilikuwa ya anayetegemea akubaliwe, kama sisi tunavyosema “Si umekula wewe?”. Num ilikuwa ya anayetegemea akataliwe.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika Mathayo 5:37. Kigiriki cha asili kinasema “nai nai, ou ou”. Biblia yetu ya Union inasema “Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo”. Lakini Biblia ya Kilatini, ile inayohusishwa na Jeromu wa karne ya 4, ilipofika hapo ilikosa neno, ikaandika “est, est: non, non”. Est ni kitenzi, maana yake “ni”. Kwa hiyo Mkristo wa Roma alisoma kwamba maneno yake yawe “ni, ni, si, si”.

Sì ya Kiitaliano na sí ya Kihispania zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye sic, “hivyo”. Ukiulizwa kama jambo liko namna fulani, unajibu “hivyo”, basi. Sauti ya k ya mwisho ikadondoka, ikabaki si. Alama ya juu ya i haibadilishi matamshi. Kwa Kihispania imewekwa ili jicho litofautishe sí ya kukubali na si nyingine, ambayo ni “ikiwa”. Kikatalani nacho kina sí. Kireno kimepitisha sauti puani, kikapata sim.

Ila ukifika Lisbon usiitegemee sana hiyo sim. Mreno akikuuliza “Queres café?”, “Unataka kahawa?”, jibu linalotoka lenyewe ni “Quero”, “Nataka”. Tabia ya Warumi ya kurudia kitenzi ilibaki kwa Wareno kuliko kwa ndugu zao wengi, na Mswahili anayejifunza Kireno ana bahati hapo: ajibu tu kama anavyojibu kwao.

Na oui je? Haifanani hata kidogo na sì.

Hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Oui ni maneno mawili ya Kilatini yaliyogandana: hoc, “hili”, na ille, “yule”. Katika Kifaransa cha kale hoc ilikonda ikabaki o. Mtu akiulizwa kama Pierre amekuja, alijibu “o il”, yaani “hilo, yeye”, na kitenzi akakiacha kwa kuwa kilikwisha kusemwa kwenye swali. Akiulizwa kuhusu nafsi yake mwenyewe, alijibu “o je”, “hilo, mimi”. Jibu la kukubali lilibadilika kufuata nafsi inayozungumziwa. Kisha nafsi ya tatu ikazimeza nyingine. Watu wakaanza kujibu oïl kwa kila swali, awe anaulizwa yeye, wewe au nyinyi, mpaka wakasahau kwamba ndani yake mna “yeye”. L ya mwisho ikaacha kutamkwa, na oïl ikawa oui.

Sasa litazame neno letu. Ndi- ni kiambishi cha kusisitiza, na hupokea nafsi: ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi. Hupokea pia ngeli: ndicho, ndipo, ndivyo, ndiyo. O je ya Mfaransa wa kale ni ndimi. O il ni ndiye. Wafaransa waliichukua ya nafsi ya tatu wakaigandisha iwe jibu la kila kitu. Sisi tukaigandisha yenye -yo. Hakuna aliyemwiga mwenzake, na bahari nzima iko katikati, lakini njia iliyopitwa ni moja: chukua neno la kunyooshea kidole, lisisitize, kisha lirudie mpaka lisahau kilichokuwa kinaonyeshwa.

Nimesikia kwamba oui maana yake ni “limesikika”. Ni kweli?

Si kweli. Kifaransa kina kitenzi cha zamani ouïr, “kusikia”, na umbo lake la “-liosikiwa” ni ouï. Yanafanana kwa macho na kwa sikio, basi watu wakaunga. Historia ya oïl imeandikwa katika maandiko mengi mno ya Zama za Kati kiasi kwamba hakuna nafasi ya hadithi hiyo.

Kuna uhusiano gani kati ya “ndiyo” na jina Languedoc?

Languedoc ni langue d'oc, “lugha ya òc”. Kusini mwa Ufaransa watu nao walianzia kwenye hoc, lakini hawakuongeza ille. Wao walijibu “hilo” wakaishia hapo: òc. Kaskazini walisema oïl, kusini òc, na tofauti hiyo ya neno moja ikatosha kuzipa jina lugha mbili: langue d'oïl na langue d'oc. Jina la pili likawa pia jina la jimbo zima la ufalme wa Ufaransa.

Aliyeufanya mgawanyo huu ukumbukwe ni mshairi Dante Alighieri wa Firenze, Italia. Mwanzoni mwa karne ya 14, akiwa uhamishoni, alianza kuandika kwa Kilatini kitabu kuhusu lugha za watu wa kawaida, De vulgari eloquentia, na hakukimaliza. Humo alizipanga lugha za kusini mwa Ulaya kwa namna zinavyokubali: wengine husema oc, wengine oïl, wengine sì. Alishikilia kwamba zamani zilikuwa lugha moja, na hoja yake ilikuwa nzuri: bado zote zinataja kwa maneno yale yale Mungu, mbingu, upendo, bahari, ardhi, kuishi, kufa na kupenda. Katika utenzi wake mkuu pia, Divina Commedia, kwenye sehemu ya Jehanamu, wimbo wa 33, anapoulaani mji wa Pisa, anauita aibu ya watu wa ile nchi nzuri “ambako sì husikika”. Italia kama dola haikuwepo, wala haingekuwepo kwa zaidi ya miaka mia tano. Alipotaka kuitaja kwa pamoja, alitaja namna watu wake wanavyokubali.

Upande wa kusini wa Ufaransa haukudumu na òc yake. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts iliyotaka hati za mahakama na serikali ziandikwe kwa Kifaransa. Amri ililenga Kilatini kwanza, lakini lugha ya òc nayo ikazidi kusukumwa pembeni. Baadaye shule zikamalizia: mtoto aliyeisema darasani aliadhibiwa, jambo ambalo waliosoma enzi za ukoloni Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Hata hivyo lugha haikunyamaza. Frédéric Mistral, aliyeandika kwa Kiprovansi, tawi la lugha hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1904. Na tangu 2016 mkoa mkubwa wa kusini, wenye makao yake Toulouse, unaitwa Occitanie. Ile oc bado imo ndani ya jina.

Je, Dante alisema lolote kuhusu Wajerumani na Waingereza?

Alisema, na hapo aliteleza. Aliwakusanya Waslavi, Wahungaria, Wajerumani, Wasaksoni na Waingereza kwenye fungu moja, akadai kwamba karibu wote hukubali kwa kusema iò. Kwa Wajerumani alikaribia, maana wao husema ja. Lakini Mhungaria husema igen, na Waslavi wana da, tak na ano. Mtu wa Firenze wa wakati ule alikuwa anayasikia hayo kwa mbali.

Kwa nini Kiingereza kina yes, wakati ndugu zake wote wa jamii ya Kijerumani wana ja?

Kiingereza kilikuwa nayo ja. Katika Kiingereza cha kale iliandikwa gea, ikatamkwa karibu na “yea”, na imebaki kwenye Biblia za zamani na katika Bunge la Marekani, ambako kura bado huhesabiwa kwa yea na nay. Yes ni neno la pembeni lililokuja kulishinda la asili. Linaelekea kuwa ni gea iliyoungana na si, “na iwe”, kwa hiyo lilikuwa zito kidogo, kama “ndiyo kabisa”.

Hadi mnamo karne ya 16 Waingereza waliojali lugha walikuwa na maneno manne, na kila moja kituo chake. Kwa swali yakinishi, yea na nay. Kwa swali kanushi, yes na no. Ukiulizwa “Atakwenda?” unajibu yea au nay, ukiulizwa “Hatakwenda?” unajibu yes kama atakwenda, no kama kweli haendi.

Kanuni hiyo ilikwisha kulegea, na ikaingizwa kwenye ugomvi wa dini. William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526. Thomas More, mwanasheria na mtetezi mkali wa Kanisa Katoliki, alimjibu mwaka 1532 kwa kitabu kirefu, na katikati ya hoja nzito za imani akasimama kumsema Tyndale kwa kuandika no pale Yohana Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ni yule nabii, mahali ambapo ilipasa kuwa nay. Kinachochekesha ni kwamba More alipoieleza kanuni yenyewe aliigeuza kichwa chini, na mifano yake ikapingana na maelezo yake. Wasomi wengi walimnukuu bila kuona, hadi karne ya 19. Watu wawili hao wote waliuawa baadaye, More mwaka 1535 na Tyndale mwaka 1536, kwa mambo makubwa kuliko nay.

Leo yes na no zimechukua kazi zote nne. Bunge la Makabwela la Uingereza limehifadhi neno la tatu, aye, lililoonekana kwenye maandishi karne hiyo hiyo ya 16. Mabwana wa Bunge la juu hawasemi hata hilo. Wao hupiga kura kwa “nimeridhika” na “sijaridhika”. Spika wa Bunge la Tanzania anapotangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda, anafuata utaratibu uliotoka Westminster, ila kwa neno la nyumbani.

Doch, si, jo: haya maneno ya tatu ni ya nini?

Ni ya kumpinga anayekanusha. Mtu akikwambia “Hujaja na pesa”, na wewe unazo, Mjerumani hasemi ja wala nein, anasema doch. Mfaransa anasema si. Mswidi, Mnorwei na Mdenishi wanasema jo, Mwaisilandi jú. Mromania anasema ba da. Mholanzi ana jawel.

Mswahili anapokwama Ulaya, mara nyingi anakwama hapa, kwa sababu sisi tuna hesabu tofauti kabisa. Kwetu “ndiyo” hukubaliana na kauli ya mwenzako, hata kama kauli hiyo imekanusha. “Hujala?” “Ndiyo, sijala.” Au: “Hapana, nimekula.” Mzungu wa Magharibi yeye hatazami kauli, anatazama jambo lenyewe: kama hakuna chakula tumboni, jibu ni la kukataa, swali liwe limeulizwa vipi.

Chukua kisa cha mapokezi ya hospitali Ujerumani. Muuguzi anajaza fomu, anauliza bila kuinua kichwa: “Haben Sie keine Allergien?” Huna mzio wowote? Mgonjwa kutoka Mombasa, ambaye kweli hana, anajibu kwa adabu: “Ja.” Akilini mwake amesema “ndiyo, sina”. Muuguzi ananyanyua kichwa, kalamu tayari, anasubiri atajiwe ni mzio wa nini. Mgonjwa naye anasubiri swali linalofuata. Wanatazamana.

Jibu salama hapo ni “Nein, keine”, “Hapana, sina”. Na kama unao: “Doch, gegen Penizillin”, “Ninao, wa penisilini”. Anayeona neno la tatu linamchanganya aache neno lolote la kukubali na kukataa, aseme sentensi kamili. Sentensi kamili haijawahi kumpeleka mtu pabaya.

Vijana wa mijini, waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, wameanza kujibu kwa hesabu ya Kizungu hata kwa Kiswahili. Ukimuuliza “Hujala?” anakujibu “Hapana”, na hujui umpakulie au usimpakulie. Binafsi nauona ni upotevu, kwa kuwa utaratibu wetu ulikuwa hauna utata.

Da ni ya Kirusi tu?

Warusi, Wabulgaria, Waserbia, Wakroatia na Wamasedonia wote wana da. Kiromania, ingawa ni binti wa Kilatini, kimezungukwa na Waslavi karne nyingi, na da yake kwa maelezo yanayokubalika zaidi imetoka kwao. Kwa Kirusi da pia ni kiunganishi, “na” au “lakini”. Ndiyo maana Mrusi anaweza kukujibu “da net navernoe”, neno kwa neno “ndiyo hapana labda”, akimaanisha tu “hapana, nadhani”.

Wapolandi, Waukraini na Wabelarusi husema tak. Hilo nalo ni “hivyo”, sawasawa na sic ya Warumi. Walithuania wana taip, “hivyo” tena. Igen ya Kihungaria ina undugu na így, ambayo ni, utakuwa umekwisha kubahatisha, “hivi”.

Wacheki wana ano, Waslovakia áno. Mtaani Mcheki huifupisha ikawa no, na hapo ndipo mgeni anayejua Kiingereza hupotea: anaomba kiti kwenye treni, anaambiwa no, anaondoka, kumbe amekaribishwa.

Kuna mitego mingine ya aina hiyo?

Ipo tele. Nai ya Kigiriki hutamkwa “ne”, na kwa jirani zao wote Waslavi ne ni “hapana”. Jo ya Mswidi ni ya kukubali. Jo ya Mwalbania ni ya kukataa, na ya kukubali kwake ni po. Tak ya Mpolandi ni “ndiyo”, tak ya Mdenishi ni “asante”.

Bulgaria wameongeza kichwa. Kwa desturi yao kutikisa kichwa kushoto na kulia ni kukubali, kukiinua juu na kushusha ni kukataa. Baadhi ya watu wanaohudumia wageni hubadilisha kwa makusudi ili kumrahisishia mgeni, na hapo anayejua desturi na asiyeijua wanapotea pamoja. Subiri neno. Da ni da.

Kwa nini Wagiriki wana sikukuu ya “Hapana”?

Tarehe 28 Oktoba 1940, kabla ya mapambazuko, balozi wa Italia alimpelekea waziri mkuu Ioannis Metaxas madai ya Mussolini kwamba majeshi yake yaruhusiwe kuingia Ugiriki. Metaxas alikataa, vita vikaanza. Siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka kwa jina la Ohi, “Hapana”. Inavyosimuliwa, maneno aliyomjibu balozi yalikuwa ya Kifaransa, lugha ya wanadiplomasia, na hayakuwa neno moja: alisema kwamba basi hivyo ni vita. Ohi ni muhtasari wa taifa.

Waayalandi wanaishije bila “ndiyo”?

Vizuri tu. “An dtuigeann tú?”, unaelewa? “Tuigim”, naelewa, au “Ní thuigim”, sielewi. Mazoea hayo yaliingia hata kwenye Kiingereza chao; Mwayalandi ukimuuliza kama amechoka, haishii kwenye yes, anasema “I am”. Katika karatasi za kura ya maoni upande wa Kiayalandi huandikwa Tá na Níl, “iko” na “haiko”, na bungeni Dublin kura huorodheshwa kwa maneno hayo hayo. Níl na hapana yetu ni mapacha wa maana: ha-pa-na, pale hapana kitu.

Kiwelisi kinafuata njia hiyo, kisha kinaitatiza. Swali la wakati uliopita hujibiwa do, la kuwepo kwa kitu hujibiwa oes, la “wewe ni” hujibiwa ydw, na yako mengine. Mwanafunzi wa Kiwelisi lazima akumbuke swali lilianza na kitenzi gani.

Kifini ni lugha ya ukoo mwingine, lakini tabia ni ile ile. “Tuletko?”, utakuja? “Tulen”, nitakuja. Kina kyllä na joo kwa anayetaka neno. La kukataa ndilo la ajabu: ei ni kitenzi kamili, hunyambuliwa kwa nafsi. En ni “mimi si-”, et “wewe hu-”, emme “sisi hatu-”. Mwalimu wa Kifini hapati tabu kumweleza Mswahili jambo hilo.

Kuna neno lolote kati ya haya lenye undugu na Kiswahili?

Yapo, na yote yamepitia Kiarabu. Malta, kisiwa cha Umoja wa Ulaya tangu 2004, inazungumza lugha iliyozaliwa na Kiarabu. “Hapana” yao ni le, ndugu wa damu wa “la” yetu. “Ndiyo” yao ni iva, iliyotokana na aywa, ile ile tunayoitoa pwani kwa kelele, “Aiwa!”, mtu akipatia. Naam yetu pia ni ya Kiarabu, ila Wamalta hawaitumii.

Waturuki husema evet kwa kukubali na hayır kwa kukataa. Hayır ni khayr ya Kiarabu, neno lililotupa sisi “heri”. Zamani ilionekana ni utovu wa adabu kumwambia mtu “hapana” kavu, basi wakamtakia heri, na heri ikawa ndiyo hapana yenyewe.

Ja ya Kijerumani na kitenzi chetu cha kuja?

Hakuna uhusiano wowote.

OK nayo ni ya Ulaya?

Ni ya Boston, Marekani. Gazeti la Boston Morning Post liliichapisha tarehe 23 Machi 1839 kama mzaha: kifupisho cha “all correct” kilichoandikwa vibaya kwa makusudi. Uchaguzi wa 1840 ukaisambaza, kwa kuwa wafuasi wa Rais Martin Van Buren walimwita Old Kinderhook, kwa kifupi O.K. Hadithi za Kigiriki, Kiskoti na Kifaransa unazosikia kuhusu asili yake zilikuja baadaye.

Kwenye ndoa je, wanasema “ndiyo”?

Inategemea nchi. Ufaransa meya husikiliza oui. Wahispania huona sí haitoshi, husema “Sí, quiero”, “Ndiyo, nataka”. Katika ibada ya Kianglikana ya Kiingereza jibu ni kitenzi kitupu, “I will”. Nikaha yetu nayo haitaki ndiyo: bwana harusi husema “nimekubali”, na Mrumi angemwelewa.

Nilimwuliza mtu wa kaskazini mwa Uswidi swali, akavuta pumzi ndani kwa ghafla kama aliyeungua. Nilimkosea?

Hukumkosea. Kaskazini mwa Uswidi, Umeå na kuendelea juu, “ja” inaweza kusemwa kwa kuvuta hewa kupitia midomo iliyochongoka, bila sauti ya kooni. Amekubali. Endelea na swali lako.